Glavu za kiganja cha naitraili: kwenye bati nazisifia, kwenye thina ziacheni

Wakuu, hizi glavu nimezivaa miezi mitano sasa, karibu kila siku ya kazi, nilichukua jozi tatu za aina moja nikawa nazipokezana, na nimeona niandike kwa urefu manake maelezo ya kwenye paketi ni mafupi mno na yule aliyeniuzia aliniambia "hizi fundi zinafanya kila kitu", maneno yaliyokuja kuniumiza mkono, nitafika huko. Jina la kampuni silitaji, aina hii inatengenezwa na viwanda vingi na ninayoyasema yanahusu aina yenyewe.

Ni zile za kufumwa, kijivu, kiganja na vidole vimechovywa kwenye naitraili (aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani) nyeusi ya povu, mgongo wa mkono umeachwa wazi haujapakwa kitu. Uzi wake ni HPPE, yaani ile polithilini ya nguvu ambayo nyuzi zake zimevutwa mpaka molekuli zimelala upande mmoja. Ufumaji ni geji 13, hiyo namba ni idadi ya sindano za mashine kwenye inchi moja, kwahiyo namba ikipanda glavu inakuwa laini na nyembamba zaidi, ikishuka inakuwa nene. Mi kazi yangu ni kukata na kukunja bati, kusugua, kupiga praima na kupuliza rangi, yaani ndani ya siku moja mkono wangu unakutana na makali, mafuta, vumbi la msasa na kemikali.

Nianze na uzuri wake. Kwenye bati zinashika vizuri kuliko glavu yoyote niliyowahi kuvaa. Bati jipya linakuja na mafuta juu yake, ukilishika na glavu ya mpira laini linateleza kama samaki, lakini hii povu ina vitundu vidogo vidogo sana usivyoviona kwa jicho, vinanyonya ule utando mwembamba wa mafuta pale vidole vinapogusa, alafu naitraili yenyewe inabaki inagusana na chuma. Na naitraili haiogopi mafuta, tofauti na lateksi, ule mpira wa asili, ambayo mafuta yanaivimbisha na kuilegeza. Mafuta yakizidi lakini vile vitundu vinajaa na faida inapungua, hapo futa bati kwanza.

Kuna siku karatasi ya bati ilinichomoka wakati naigeuza, kona ikapita kwenye kiganja kuanzia chini ya kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo. Nikasimama kabisa, nikajua hapa ni kushonwa. Nikavua glavu nikakuta mkono mzima, mstari mwekundu tu kama umekwaruzwa na ukucha. Kwenye glavu ile naitraili ilikuwa imechanika na ndani uzi mweupe unaonekana, nyuzi chache zimekatika, nyingi zimebaki. Hiyo jozi nimeihifadhi, nawaonyesha vijana wanaokuja kujifunza kazi.

Sasa tuje kwenye namba, manake hapa ndipo watu wengi tunapita haraka. Nyuma ya mkono kuna ngao ndogo yenye nyundo, pembeni imeandikwa EN 388, hicho ni kiwango cha Ulaya cha glavu za kujikinga na makali na msuguano, na chini yake 4X43D. Nilikaa mwaka mzima na glavu zenye alama kama hizi bila kujua zinasema nini, nilikuwa nadhani ni namba za kiwanda. Mpaka nilipoanza kusoma tafiti na maelezo ya vipimo ndo nikaelewa kila herufi ina stori yake. Ya kwanza ni msuguano, 4 ndo ya juu kabisa, maana yake kipande cha kiganja kilisuguliwa na karatasi ya msasa mizunguko 8000 kabla hakijatoboka (ngazi ya 3 ni 2000, kwahiyo kati ya 3 na 4 pengo ni kubwa mno). Ya pili ni kukatwa kwa mtindo wa zamani, ule wa kisu cha duara kinachozunguka kikienda mbele na nyuma. Hapa imeandikwa X, yaani kipimo hicho hakikutumika. Ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa, na ile herufi ya mwisho ni kukatwa kwa mtindo mpya.

Hiyo X ina sababu nzuri. Watafiti waliona nyuzi ngumu za kisasa, hasa zikichanganywa na kioo, zinakifanya kile kisu cha duara kipoteze makali katikati ya kipimo. Kisu kinakuwa butu, kinaendelea kuzunguka bila kukata, alafu glavu inapata alama kubwa isiyostahili. Ndo maana toleo la 2016 la EN 388 likaleta kipimo kingine, wembe ulionyooka, mpya kila mara, unapitishwa mara moja umbali wa milimita 20 na wanatafuta ni nguvu kiasi gani inahitajika mpaka upenye. Herufi zinaanzia A mpaka F. D ni kuanzia niutoni 15 hadi chini ya 22, F ni 30 na kuendelea. Niutoni 15 ni kama uweke mzigo wa kilo moja na nusu juu ya wembe alafu uuvute.

Kilo moja na nusu wakuu. Tafakarini hapo. Karatasi ya bati inayodondoka kutoka kwenye benchi inakuja na zaidi ya hiyo, na grenda ikikurukia huko hata usiulize. Kwahiyo mi niliokolewa na vitu viwili, glavu pamoja na ile kona kupita kwa kuteleza bila kukandamiza, ingekandamiza ningekuwa naandika mengine. Hizi glavu zinachelewesha kukatwa, hazizuii kila kukatwa, na kile kipimo kinafanywa kwenye kipande kipya, kikavu, kisafi, kilichokatwa kutoka kwenye kiganja. Mgongo wa mkono una maisha yake mengine, na glavu yako ya mwezi wa nne pia.

Kutobolewa nako, ile 3 isikudanganye ukashika takataka zenye sindano. Kwenye kipimo kile wanatumia msumari mnene wa ncha ya mviringo. Sindano ya hospitali ni nyembamba inapita katikati ya nyuzi bila hata kuzikata, ni kama kupitisha kijiti kwenye chandarua, na kwa ajili hiyo kuna kipimo chake cha pekee.

Je, glavu zinasaidia kweli au tunavaa kwasababu ya sheria? Kuna utafiti wa Marekani wa 2004 ambao naupenda kwa namna ulivyofanywa. Walichukua wafanyakazi 1166 walioumia mikono kazini, wakamlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe, yaani muda mfupi kabla ya kuumia alikuwa anafanya nini na kawaida yake ya kazi ikoje, kwahiyo huwezi kusema huyu ni mzembe na yule ni makini, ni mtu yuleyule. Kuvaa glavu kulipunguza hatari kwa asilimia 60 hivi. Lakini faida hiyo ilionekana kwenye kukatwa na kuchomwa, kwenye kubanwa na kuvunjika mfupa haikuonekana. Na kilichonishika zaidi ni sababu iliyoongoza, hatari ilipanda mara 11 pale mashine, kifaa au kitu unachofanyia kazi kilipoacha kufanya kama ulivyotegemea. Mara kumi na moja! Tangu nisome hiyo, mkasi wa bati ukianza kung'ang'ania sikazani nao, naweka chini kwanza nauangalia. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kukaza mkono mpaka kieleweke, na nikihesabu makovu yangu mengi yametokea hapohapo.

Haya, thina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi na kufutia mafuta.

Mwezi wa pili nilikuwa na kazi ya haraka, nikawa nafuta mafuta kwenye milango ya chuma kwa kitambaa chenye thina kabla ya praima, na nikabaki na hizi hizi glavu. Aliyeniuzia alisema zinafanya kila kitu na mi nikajiambia naitraili si ndo ile ya glavu za maabara. Dakika kumi za kwanza sikuhisi kitu, tena niliona poa. Baadaye kiganja kikaanza kuwa baridi ile baridi ya kitu kinachokauka, kisha joto, kisha kuwasha. Nikaendelea kidogo nimalize mlango, hilo ni kosa langu. Nilipovua, naitraili ilikuwa imevimba, laini kama ubani uliotafunwa, na ngozi ya vidole imekuwa nyeupe na mikunjo. Siku tatu zilizofuata ngozi ilipasuka pembeni ya kucha na kila nikigusa maji ya sabuni nilikuwa nauma meno.

Nilichojifunza baada ya hapo nakiandika taratibu manake ndo sababu kubwa ya mimi kuandika hii yote. Kemikali inaifikia ngozi yako kwa njia tatu. Kuna kuvuja, inapita kwenye tundu au mshono. Kuna kuharibika, glavu yenyewe inalainika, inavimba, inakakamaa au kupasuka. Na kuna kupenya, na hii ndo mbaya kwasababu haionekani, molekuli za kemikali zinazama kwenye mpira, zinatembea katikati ya molekuli za mpira, zinatokea upande wa pili, na glavu inaonekana nzima kabisa, haina tundu, haijabadilika rangi. Kwangu zilitokea zote tatu kwa pamoja. Mgongo wa mkono haujapakwa kitu kwahiyo thina ilivuja tu kupitia ufumaji, ikaloanisha uzi wa ndani, alafu uzi ukaibana kwenye ngozi yangu kama bandeji. Hapo mkono uko kwenye joto na jasho na umefunikwa, hali ambayo inafanya ngozi inyonye zaidi. Yaani glavu iliyoloa ndani inaweza kuwa mbaya kuliko mkono mtupu, mkono mtupu angalau thina ingekauka na kuondoka hewani.

Kuna mtu ambaye kila anayevaa glavu kwa ajili ya kemikali anapaswa kumjua, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Dartmouth College huko Marekani. Agosti 1996 alikuwa anafanya kazi na kemikali yenye zebaki inaitwa dimethilimekyuri, yuko ndani ya kabati la kuvuta hewa, amevaa glavu za lateksi, amefuata taratibu za wakati ule zote. Matone machache yakadondokea kwenye glavu. Miezi ikapita, mapema 1997 akaanza kuyumba akitembea, kuongea kukawa kwa shida, wakapima wakakuta zebaki nyingi mno mwilini, na Juni 1997 akafariki akiwa na miaka 48. Walipokuja kupima glavu za aina ile ikaonekana ile kemikali inapenya kwa sekunde 15 au pungufu. Na alipougua, yeye na wenzake walihakikisha habari inawafikia wanasayansi wengine ili isimkute mtu mwingine, na ushauri wa glavu ukabadilika, ikawa ni glavu ya tabaka za plastiki ndani na nyingine nzito juu yake. Nikisoma habari yake huwa nafunga simu nakaa kimya kidogo. Thina yangu na ile sumu yake ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini njia ya kupita ni ileile.

Kwahiyo glavu ya kemikali inatafutwa kwa alama nyingine, EN ISO 374, picha yake ni chupa ya maabara, na chini kuna herufi. Kila herufi ni kemikali moja, A methanoli, B asetoni, F toluini, J heptani, K magadi makali ya asilimia 40, na nyingine. Angalia herufi yako ipo? Kama haipo, usidhani. Hizi glavu zangu hazina chupa kabisa, ina maana mtengenezaji mwenyewe hajadai zinazuia kemikali, anayedai ni muuzaji. Ngazi za muda zinaanzia zaidi ya dakika 10 mpaka zaidi ya 480, na hapa kuna kitu nilishangaa: muda huo unahesabiwa mpaka kemikali ifikie kasi ya mikrogramu 1 kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika upande wa pili, yaani kabla ya hapo kiasi kidogo kimeshaanza kupita tayari. Tena wanapima kwenye nyuzijoto 23 wakati ndani ya glavu mkono wako una zaidi ya 30, na joto linaharakisha kupenya, na glavu nyembamba ukiikunja na kuinyoosha kama tunavyofanya kazi muda unaweza kupungua zaidi. Mi sasa nikiona dakika 30 kwenye karatasi, kichwani nahesabu chini sana ya hapo.

Naitraili ni nzuri kwa mafuta, grisi, petroli. Kwa asetoni ni dhaifu, hapo mpira wa butaili ndo wenyewe. Tatizo la thina ni kwamba ni mchanganyiko, humo kuna asetoni na toluini na ndugu zao, na mpira unaozuia mmoja unaruhusu mwingine, butaili inaikataa asetoni lakini toluini inaisumbua. Glavu za filamu ya tabaka nyingi zinazuia karibu wote ila ni za ajabu kuvaa, zinapwaya na kupiga kelele kama mfuko wa plastiki, kwahiyo navaa hiyo ndani na naitraili nene juu ili vidole vishike. Na kopo la thina linatakiwa liwe na karatasi yake ya taarifa za usalama, ina sehemu 16, sehemu ya 3 ni kilichomo na ya 8 ni kinga za kuvaa. Iombeni. Mi wa kwanza kumuomba alinitazama kama naomba cheti chake cha kuzaliwa, wa pili alinipa dakika ileile. Karatasi ikisema tu "vaa glavu zinazofaa" bila kutaja aina ya mpira, hiyo haijakusaidia, uliza zaidi.

Vitu vingine viwili vitatu kuhusu hizi za bati. Saizi ni muhimu kuliko nilivyodhani, pima mzunguko wa kiganja bila kidole gumba, saizi 8 ni kama milimita 203, saizi 9 ni 229. Mi nina 214 hivi, jozi ya kwanza nikachukua 9 nikisema bora kupwaya, ncha za vidole zikawa zinajikunja na zikanaswa kwenye mdomo wa mkasi mara mbili. 8 inabana kidogo siku ya kwanza alafu inakaa sawa. Mkono ukipwaya ndani ya glavu unakaza misuli zaidi ili ushike kitu kilekile, jioni unausikia kwenye kiwiko.

Moto hapana. HPPE ni polithilini, inayeyuka kati ya nyuzijoto 130 na 150, cheche za kulehemu zikitua zinatoboa na plastiki iliyoyeyuka inaganda kwenye ngozi. Kwenye joto tafuta aramidi, jamii ya Kevlar, ile aliyoigundua Stephanie Kwolek mwaka 1965 akiwa kampuni ya DuPont, yenyewe haiyeyuki, ila nayo haipendi jua, usiianike nje siku nzima.

Na kwenye drili ya mezani au mashine yoyote ya kuzunguka vueni, tafadhali sana. Nyuzi hizi zimetengenezwa zisikatike, ikinaswa ncha tu ya kidole glavu haichaniki ikakuachia, inauzungusha mkono wako wote. Glavu ya pamba ingeweza kuchanika, hii haichaniki, na hapo ubora wake ndo unageuka kuwa hatari.

Uimara wake ni wa kuridhisha. Jozi ya kwanza ilidumu wiki saba mpaka povu la kidole gumba likaisha, ya pili ndo ile niliyoiua kwa thina, ya tatu ina wiki kumi na moja kwasababu nimeanza kusugua kingo za bati kwa tupa kabla ya kulibeba, kitu ambacho ningepaswa kukifanya tangu nianze ufundi, makali ukiyaondoa kwenye bati glavu inabaki na kazi ndogo. Naziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo naanika kivulini. Jasho lipo, mgongo ulio wazi unasaidia kupitisha hewa lakini baada ya saa tatu ndani pamelowa na nabadilisha jozi, ngozi ikikaa kwenye unyevu siku nzima inadhoofika yenyewe hata bila kemikali.

Kwa kukata na kubeba bati nazipa nne kwa tano, ile moja nimeitoa kwasababu kijitabu chake hakisemi popote kwa lugha ya wazi kwamba hazifai kemikali, kukosekana kwa picha ya chupa hakumwambii kitu mtu asiyejua kwamba ilitakiwa iwepo. Ukutani kwangu sasa kuna misumari miwili, wa kushoto zinaning'inia hizi za kijivu, wa kulia za filamu na naitraili nene, na kopo la thina nimelihamishia chini ya ule wa kulia ili mtu akienda kulichukua mkono ukutane na glavu kwanza. Jozi ya tatu leo nimeona uzi mweupe umeanza kuchungulia kwenye kidole cha kati, kesho naitoa.